Mlio wa Gari la Boay

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mbulu. Ukungu ulishuka alfajiri na mpaka sasa haujaondoka. Nimevaa sweta mbili, na mikono yangu inanuka grisi ingawa nimenawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Mke wangu Paskalina yuko jikoni, mtoto wetu Neema amelala. Nimekaa hapa dirishani na simu, nataka kuandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Namwonea wivu marehemu.

Anaitwa Boay. Alikuwa mume wa mke wangu kabla yangu. Alifariki kwa ugonjwa miaka mitatu kabla mimi sijahamishiwa hapa kutoka Tabora kuja kufanya kazi ya maabara hospitalini, kwa hiyo sikuwahi kumwona hata siku moja. Namjua kwa picha mbili na kwa gari lake. Picha Paskalina aliziweka ndani ya sanduku siku tulipofunga ndoa, bila mimi kumwomba. Gari lilibaki.

Ni kigari kidogo cha zamani, cha gia za mkono, rangi yake ilikuwa ya kijani. Boay alikuwa bwana shamba na alizunguka nalo kata zote za huku, Tumati, Maretadu, mpaka njia ambazo hata pikipiki zinasita kupita. Kila mtu analijua. Nikipita nalo watoto wanapunga mikono, wazee wanainua fimbo kunisalimia. Mwaka wa kwanza nilidhani wananipenda. Baadaye nikaelewa kwamba wanalisalimia gari.

Mwezi wa nne nilikuwa natoka Tumati peke yangu, bibi mmoja akasimama katikati ya barabara na kuninyooshea mkono. Nikasimama. Akafungua mlango mwenyewe, akaketi, akapakata furushi lake la majani ya maboga. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba, kisha akaanza kuzungumza Kiiraqw mfululizo, na mimi Mnyamwezi nikawa naitikia kwa kichwa tu. Tulipofika kwake akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kama mimi ndiye dereva wa Boay. Nikamwambia Boay alishafariki. Akasema anajua, alikuwepo kwenye mazishi. Nikamwambia hili ni gari langu. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akashuka bila kubisha.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Kila anayesema "gari la Boay" namrekebisha. Gari langu. Nimelisema neno hilo sokoni, kanisani, hospitalini, hadi wenzangu maabara wananitania kwalo.

Lakini watu wa nje ningewavumilia. Kilichonimaliza ni midomo ya Paskalina.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na asubuhi za baridi stata ya gari hili inagoma. Huku si jambo la ajabu. Wenye magari ya zamani wote hufanya hivi: jioni unaliegesha likiangalia chini, unakata usukani mpaka mwisho ili tairi ielekee kwenye ukingo, unaweka jiwe, kwa sababu hendibreki haiaminiki. Asubuhi unatoa jiwe, unaliachia liserereke kidogo, unaingiza gia, unaachia klachi, gari linashtuka na kuwaka. Mtu wa Tabora kama mimi, aliyezaliwa kwenye tambarare, mara ya kwanza nilipoona hivyo nilifumba macho.

Mwanzoni Paskalina ndiye aliyekuwa akilishtua. Na kila asubuhi, kabla gari halijawaka, midomo yake ilikuwa inacheza. Sauti haitoki. Maneno machache tu, halafu gari linanguruma, halafu midomo inatulia na anarudi kuwa mke wangu.

Nilidhani anasali. Baadaye nikadhani anazungumza naye. Nikawa namtazama kwa pembeni, naihesabu ile midomo. Siku nyingine nilisogeza sikio nikijifanya nafunga mkanda, sikuambulia kitu. Kumuuliza sikuweza, na sababu ya kutoweza nitaisema mbele, maana ni aibu yangu.

Basi nikaanza kuamka mapema. Nikawa natangulia kukaa kwenye usukani ili nilishtue mimi, na yeye akae upande wa pili akiwa amempakata Neema, na ile midomo isipate kazi. Niliona nimeshinda.

Baada ya miezi michache ukaanza mlio.

Mara ya kwanza niliusikia kwenye kona ya kuingia hospitalini. Tak, tak, tak, kama mtu anavunja kuni kavu chini ya sakafu. Nilipolinyoosha gari, kimya. Jioni kwenye kona nyingine, tak, tak, tak. Nilisimama nikatazama tairi, nikakaza nati zote za magurudumu, nikachokonoa mawe kwenye kashata, yale meno ya tairi. Mlio ukabaki.

Mimi ni mtu wa kupima. Nikachukua daftari dogo na kuandika kama ninavyoandika kazini. Kukata kushoto: haupo. Kukata kulia: upo. Nikikanyaga mafuta: unazidi. Nikienda bila kukanyaga: unapungua. Tukiwa wawili: upo. Nikiwa peke yangu: upo. Nikahitimisha kwamba tatizo liko gurudumu la kulia, kwa kuwa ndiko ninakokata. Nilijivunia hitimisho hilo wiki nzima.

Sasa niseme ukweli wenyewe. Mlio ule ulinifurahisha.

Niliona hatimaye gari limepata sababu ya kuondoka. Nikamtafuta mnunuzi, na nikamtafuta kwa makusudi upande wa Hanang, kule Katesh, mbali na huku, ili gari liende kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia lile jina. Akapatikana mfanyabiashara mmoja, akasema hata likiwa bovu atakuja kulitazama Jumapili baada ya ibada. Ndipo nikamwambia Paskalina kwamba mlio huu mimi nauogopa, nahisi gari limefika mwisho, pengine tuliuze. Alikuwa anakamua nguo. Aliendelea kukamua mpaka ikaisha.

"Nenda kwa Fundi Tluway alitazame," akasema. "Wewe ndiye unayejua kupima, Baba Neema. Ukirudi ukaniambia limeisha, nitakubali."

 Na mimi nikaondoka nikijua kwamba neno langu moja linatosha kuliondoa, la kweli au la uongo.

Alhamisi ndiyo siku niliyokwenda. Gereji ya Fundi Tluway iko jirani na uwanja wa mnada. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, msemaji, anakula karanga muda wote. Alikuwa rafiki wa Boay, kwa hiyo anamwita mke wangu shemeji. "Shemeji hajambo?" ndiyo salamu yake kwangu kila tunapokutana, na kila mara najiuliza ni shemeji yake kwa njia ya nani. Si kwa njia yangu.

Hakufungua chochote. Aliingia, akaketi kando yangu, akashusha kioo, akaniambia niende mnadani. Siku isiyo ya mnada uwanja ule ni mtupu, mavi ya ng'ombe yaliyokauka tu na nguzo za mazizi. Akaniamuru nikate kulia mpaka mwisho na nizunguke polepole, kisha nikanyage mafuta. Tak, tak, tak, tak. Akaniamuru nikate kushoto. Kimya. Nikamtolea daftari langu na kumwonyesha hitimisho. Akalisoma akitafuna karanga.

Akasema nimeandika vizuri yote isipokuwa mwisho. Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto, na jointi inayobeba kazi ni ya kushoto. Kwa hiyo ugonjwa uko kushoto. Kisha akaongeza kwamba Boay angeujua mlio ule akiwa kitandani.

Hilo la mwisho hakuwa na haja ya kulisema.

Tuliporudi gereji, wakati anatafuta jeki, nilimsogelea nikamwambia jambo ambalo leo natamani lifutike. Nilimwomba, kama Paskalina atamuuliza, aseme gia boksi imekufa. Nilisema kwa sauti ya chini kama mwizi.  Fundi alipiga jeki kwanza upande wa kulia, ule mzima, akatoa tairi, akaniita.

Jointi ile inakaa mwisho wa mhimili unaozungusha gurudumu, na imevalishwa raba ya mikunjo inayotunza grisi ndani na kuzuia vumbi lisiingie. Ya kulia ilikuwa na kidonda cha zamani. Lakini juu ya kidonda palikuwa pamefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umezungushwa mzunguko juu ya mzunguko, sawasawa, na mwisho umekazwa kwa waya uliokunjwa kwa ndani ili usikwaruze. Hapakuwa na tone la grisi nje.

Sikuuliza kazi ile ni ya nani. Fundi alinipa nafasi ya kuuliza, akaona siulizi, akasema tu kwamba ilifanyika njiani Maretadu kwenye mvua, na yeye amekatazwa kuifungua maadamu inashika. Nilichuchumaa pale nikiutazama ule waya. Niliuonea wivu waya. Mtu amelala kaburini miaka sita na fundo lake bado linafanya kazi chini ya miguu ya mke wangu, na mimi hata kutundika pazia la chumbani sijui.

Kisha tukahamia kushoto. Huko raba ilikuwa imechanika wazi, grisi imeruka ndani ya ringi yote, udongo mwekundu umeingia na kuwa uji mweusi. Akaitoa jointi, akaiosha kwa petroli kwenye kopo, akaifuta, akaniwekea kiganjani.

"Tazama mwenyewe, daktari," akasema. Huku kila anayefanya kazi hospitalini ni daktari. "Wewe si mtu wa kupima?"

Nikatazama. Zile gololi za chuma zinatakiwa kutembea kwenye njia laini. Njia zile zilikuwa na mabonde, na ukingo mmoja ulikuwa umemeguka.

Akaniambia vumbi linakula taratibu na kuacha uso uliochubuka wote. Hii haikuliwa, ilipigwa. Ilipigwa mara nyingi mahali palepale, na hata raba yake ilichanika kwa kukunjwa mpaka mwisho wakati gari linashtuka. Akaniuliza ni nani anayelishtua gari asubuhi.

Nikasema ni mimi.

Akaniuliza kama nalishtua tairi zikiwa bado zimekatwa.  Ukweli ni kwamba mteremko ule nauogopa. Nikitoa jiwe tu na gari likaanza kusogea, naachia klachi palepale kabla halijashika kasi, tairi zikiwa bado zinatazama ukingo. Gari linaruka kama limepigwa teke, linawaka, na mimi nashukuru Mungu. Kila asubuhi, miezi yote hiyo.

"Shemeji anajua," Fundi Tluway akasema, akirudi kwenye karanga zake. "Boay alimfundisha mbele yangu, pale kwenu. Nyoosha kwanza, gia ya pili, achia polepole. Alimwambia ayaseme kwa mdomo kila siku mpaka mkono uzoee. Hajakuambia?"

Maneno saba. Hiyo ndiyo midomo niliyokuwa naihesabu.

Sasa ile aibu niliyoahidi. Alikuwa ameniambia. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, asubuhi moja nilipojaribu kulishtua kwa mara ya kwanza, Paskalina alinishika mkono kwa upole na kusema, Boay alikuwa anasema unyooshe kwanza. Niliutoa mkono wake. Nilimwambia sitaki kusikia jina hilo ndani ya gari hili wala ndani ya nyumba hii. Nakumbuka alivyoitikia. Alisema sawa. Toka siku hiyo hajalitaja tena, sijamsikia akilitaja hata kwa bahati mbaya, na nilikuwa nimejipongeza kwa hilo.

Kwa hiyo alikaa pembeni yangu asubuhi zote hizo, mtoto mapajani, akiliona gari linavunjika, akinyamaza kwa sababu mimi nilimwambia anyamaze.

Jointi ililetwa jana kwa basi kutoka Arusha. Leo asubuhi nilikuwa gereji tangu saa moja. Nilimwomba fundi nifanye mwenyewe, yeye anielekeze. Tulijaza grisi mpya, tukavalisha raba mpya na kuikaza, tukarudisha gurudumu. Ile ya kulia hatukuigusa. Tukaenda mnadani kwenye ukungu, nikakata kulia mpaka mwisho, nikakanyaga mafuta, nikazunguka mara nne. Kimya kabisa. Kuna dakika nilitamani mlio urudi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Wakati naondoka nilimwomba fundi asahau nilichomwambia Alhamisi. Akasema gia boksi hii ni nzima, yeye hana la kukumbuka.

Nilipofika nyumbani nililiegesha mahali pake, nikakata usukani, nikaweka jiwe. Paskalina alitoka na kusimama mlangoni na kitenge begani.  Alikuwa anasubiri hukumu, na mikono yake alikuwa ameishika pamoja mbele kama mtu anayengoja majibu kwenye dirisha letu la maabara. Nawajua watu wanaosimama hivyo.

Nikamwambia halijaisha. Ilikuwa jointi moja. Nikamwambia nani aliivunja na kwa namna gani.

"Nilikuwa najua," akasema.

Si kwa ukali. Angenikaripia ingekuwa nafuu kwangu. Alisema hivyo tu, akashika njia ya kurudi ndani, na nikaona kwamba akiingia jikoni sasa hivi, jambo hili litaingia naye na halitatoka tena. Nikamuuliza akiwa amenipa mgongo.

"Boay alikuwa anasemaje?"

Alisimama.  Halafu akarudi, akapita mbele yangu, akafungua mlango wa gari na kukaa kwenye usukani. Akaniambia nikae pembeni. Akayasema kwa sauti, yote saba, akinionyesha mkono unavyonyoosha usukani wakati gari linasogea nusu hatua tu, kabla ya klachi. Akanifanya nirudie. Kisha tukabaki tumekaa pale, kioo kimejaa ukungu, na akaendelea kuongea. Hakuongea habari za gari tena. Aliongea jinsi Boay alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyokuwa mbishi, kwamba alikuwa hajui kuimba na anaimba, kwamba wiki yake ya mwisho alimwomba amtoe nje alitazame gari. Alilia kidogo. Mimi nilisikiliza. Kila neno lilinichoma, na sikumkatiza.

Hivi ninavyoandika, wivu haujaisha. Sitaki kujidanganya kwamba jointi mpya imeuondoa. Alipokuwa anacheka kuhusu kuimba, nilitafuta kama amewahi kucheka hivyo kwa ajili yangu. Nadhani ndiyo, mara moja, siku Neema alipomwaga uji kwenye viatu vyangu vya kazini. Nimeishikilia hiyo.

Kabla ya kuandika hapa nilimpigia simu yule mfanyabiashara wa Katesh. Nilimwambia asije kesho, gari haliuzwi tena. Akauliza kama limepona. Nikasema limepona. Akasikitika, akasema alikuwa amelitamani sana kwa sababu analijua tangu zamani, kuna mwaka lilimbeba mama yake kutoka Maretadu mpaka hospitalini kwenye matope. Sikuwa na habari. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mbali kote huko.

Kisha akauliza, ili tu awe na uhakika:

"Si ni lile gari la Boay?"

Kinywa changu kilikuwa tayari na jibu lake la miaka yote. Paskalina alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, na vyombo vilikuwa vimenyamaza.

Nikasema ndiyo, ndilo. Ni gari la Boay.

Kesho tunatakiwa kanisani saa mbili na huenda kukawa na baridi kuliko leo. Nitanyoosha kwanza. Nitayasema kwa sauti. Yeye akitaka kuyasema pamoja nami, je, nitaweza kuisikia midomo yake bila kuihesabu?